Heda ya maktaba ya C: nini kibaki nje, nini kirudi ndani

Swali. Habari za kazi, mtaalamu. Niko Moshi. Nimeandika maktaba ndogo ya C, libmizani, inayosoma mizani za kielektroniki kwa waya wa serial. Inatumika kupima kahawa kwenye vituo vya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Mwenzangu yuko Arusha, na yeye ndiye mwenye programu ya stakabadhi inayoitumia maktaba hiyo. Heda yangu, yaani faili la matamko ambalo programu nyingine hulisoma inapojengwa, ni moja tu, `mizani.h`, na kila kitu kimo humo. Kutoka toleo 1.2 kwenda 1.3 nilibadilisha jambo moja: bafa ya ndani (nafasi ya kupokelea ujumbe wa mizani), kutoka baiti 64 hadi 128. Tulipoweka `.so` mpya (faili la maktaba iliyojengwa) vituoni, programu ikaanza kuandika kilo 0 kwa kila gunia, na jioni ikifungwa inakufa. Mwenzangu alipoijenga upya kwa heda mpya, yote yakapona. Sasa nifiche nini na niache nini? Nikiweka maoni ya "usiguse", au majina ya ndani nikayaanza na mstari wa chini, haitoshi? Mwenzangu anapinga kuficha. Anauliza uzito atausomaje, na anasema kupitia fankisheni kutachelewesha kazi.

Jibu. Ndugu wa Moshi, dalili ulizozitaja zinatosha kueleza kilichotokea baiti kwa baiti, kwa hiyo tuanzie hapo. `struct` yako, yaani kifungu cha data chenye sehemu kadhaa, bila shaka ina sura inayokaribia hii:

```c
struct mizani {
    int     fd;
    char    bafa[64];
    size_t  urefu;
    double  uzito;
};
```

Kwenye Linux ya biti 64, `fd` inakaa baiti ya 0 hadi ya 3. `bafa` inaanzia 4 na kuishia 67. Kompaila inaacha baiti nne tupu ili `urefu` ianzie kwenye namba inayogawanyika kwa 8, yaani 72. `uzito` inaanzia 80, na jumla ni baiti 88. Ukiifanya bafa 128, `urefu` inahamia 136, `uzito` inahamia 144, na jumla inafika 152.

Namba hizo hazikai kwenye maktaba yako peke yake. Mwenzako alipoandika `struct mizani m;`, kompaila ya Arusha ilitenga baiti 88 kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya fankisheni. Alipoandika `m.uzito`, ikatoa agizo la kusoma baiti nane kuanzia ya 80. Yote mawili yamegandishwa ndani ya programu yake tangu siku ilipojengwa, na `.so` mpya haiwezi kuyagusa. Basi ukawa na programu inayoamini 88 na maktaba inayoamini 152. Kama fankisheni yako ya kuanzisha inafanya `memset(m, 0, sizeof *m)`, yaani kuijaza `struct` nzima sifuri, imeandika baiti 64 nje ya mpaka, juu ya vitu vya mwenzako.

Kufa kwa jioni kunatokana na hapo. Ubuntu na ndugu zake hujenga programu kwa `-fstack-protector-strong`. Alama ya ulinzi huwekwa kwenye staki na kukaguliwa pale fankisheni inaporudi. Ikiwa `m` imetangazwa ndani ya `main`, ukaguzi unafanyika `main` inapomalizika, na ndipo unapoona `*** stack smashing detected ***`, saa nyingi baada ya uharibifu wenyewe. Ukianza kutafuta kosa kwenye msimbo wa kufunga programu utapoteza siku nzima.

Na kilo 0 je? Baiti ya 80, ambako programu ya zamani inatafuta uzito, sasa iko katikati ya bafa mpya, nafasi yake ya 76. Ujumbe wa mizani ni mfupi, haufiki huko. Baiti hizo zimebaki sifuri tangu `memset`, na `double` ambayo biti zake zote ni sifuri ni 0.0 halali kabisa. Stakabadhi inatoka safi, ina tarehe, ina jina la mkulima, na ina sifuri. Mimi naiogopa hiyo kuliko programu inayokufa, kwa sababu inayokufa angalau inapiga kelele.

Kwa hiyo kila mstari wa `mizani.h` uupime kwa swali moja: nikiubadilisha kesho, je, programu iliyokwisha kujengwa itaendelea kufanya kazi bila kujengwa upya? Ikiwa haitaendelea, mstari huo ni ahadi, upende usipende. Maoni ya "usiguse" hayasaidii, maana kompaila haiyasomi. Mwenzako anaweza kuyaheshimu asubuhi hadi jioni, asiguse `bafa` hata mara moja, na bado 88 itakuwa imegandishwa kwake kwa kule tu kutangaza `m`. Mstari wa chini nao ni hivyo hivyo. `_bafa` kama jina la sehemu ndani ya `struct` inaruhusiwa, ila ukubwa haubadiliki kwa jina. Na tukiwa hapo: majina yanayoanza na mistari ya chini miwili, au mstari mmoja ukifuatiwa na herufi kubwa, kanuni za C zimeyatengea kompaila na maktaba yake ya msingi. Kwa hiyo kinga ya heda (jina linalozuia heda isisomwe mara mbili) uliyozoea kuiandika `_MIZANI_H_` iandike `MIZANI_H`.

Dawa yenyewe ni aina isiyokamilika. Unaitangaza `struct` kwa jina bila kuonyesha kilichomo. Kompaila ya mwenzako itakubali pointa ya kitu hicho, itakataa kukitenga au kukifungua:

```c
#ifndef MIZANI_H
#define MIZANI_H

#include <stdint.h>

#if defined(__GNUC__) && !defined(_WIN32)
#  define MZ_API __attribute__((visibility("default")))
#else
#  define MZ_API
#endif

#ifdef __cplusplus
extern "C" {
#endif

typedef struct mizani mizani;

enum {
    MZ_SAWA       =  0,
    MZ_KIMYA      = -1,  /* mizani haikujibu kwa muda uliowekwa */
    MZ_HAIJATULIA = -2,  /* gunia bado linayumba */
    MZ_HAKUNA_KUMBUKUMBU = -3
};

MZ_API int     mz_fungua(mizani **m, const char *kifaa);
MZ_API int     mz_soma(mizani *m);
MZ_API int32_t mz_gramu(const mizani *m);
MZ_API void    mz_funga(mizani *m);

#ifdef __cplusplus
}
#endif
#endif
```

Ufafanuzi kamili wa `struct mizani` unahamia `src/mizani_ndani.h`, ambayo mafaili yako ya `.c` yanaisoma na ambayo haisakinishwi kamwe kwenye mashine ya mtu mwingine. Sasa `malloc`, yaani kutenga kumbukumbu, inafanyika ndani ya `mz_fungua`, kwa `sizeof` ya maktaba yenyewe. Bafa iwe 64, 128 au 4096, Arusha hawatajua.

Mambo mawili nimeyabadilisha makusudi. Uzito nimeutoa `double` nikaufanya gramu katika `int32_t`. Mkulima analipwa kwa namba hiyo, na sioni sababu ya kubeba desimali zinazoelea. Gunia la kilo 60 ni gramu 60000, na `int32_t` inafika zaidi ya tani 2100. La pili, anayetenga ndiye anayeachia. Usimwachie mwenzako aite `free` mwenyewe juu ya pointa uliyompa. Kwenye Linux inaweza kupita. Kwenye Windows maktaba na programu zinaweza kuwa na hipu (ghala la kumbukumbu la `malloc`) tofauti, na `free` ya upande wa pili inaharibu kumbukumbu.

Kuhusu kuchelewa, mwambie mwenzako apige hesabu. Waya wa serial kwa kasi ya 9600, mpangilio wa 8N1, unatumia biti 10 kwa kila baiti, yaani baiti 960 kwa sekunde. Ujumbe wa baiti 16 unachukua kama milisekunde 17 kufika. Kuita `mz_gramu` ni nanosekunde chache. Hata angeiita mara elfu kwa kila gunia, mizani ndiyo ingekuwa inasubiriwa.

Malalamiko yake yangekuwa na uzito kama maktaba yako ingesoma herufi moja moja kwa mamilioni. Hapo wakubwa wameamua kufunua kidogo, na namna walivyofanya ni somo. Zlib, maktaba ya kubana data, kwa ajili ya `gzgetc` inayosoma herufi moja, inaonyesha `struct gzFile_s` yenye sehemu tatu tu: `have`, `next` na `pos`. Makro inachukua herufi moja kwa moja kutoka kwenye bafa, na zikiisha ndipo inaita fankisheni. Heda yao inasema wazi kwamba hali halisi ya ndani ni kubwa zaidi sana ya hiyo iliyoonyeshwa. Walifunua sehemu tatu, wakajifunga nazo. Kumbuka pia gharama ya makro na `static inline` kwenye heda: mwili wake unanakiliwa ndani ya programu ya mtumiaji. Ukirekebisha kosa kwenye `static inline`, marekebisho hayafiki kituoni mpaka programu ijengwe upya, hata kama `.so` ni mpya.

Kuficha `struct` ndiko kunakojulikana zaidi. Mivujo mingine haionekani upesi, na nitakaa kwenye miwili inayouma.

Wa kwanza ni `#ifdef` ndani ya heda ya nje. Watu huandika hivi:

```c
struct mz_takwimu {
    uint32_t masomo;
#ifdef MZ_UCHUNGUZI
    FILE    *daftari;
#endif
    uint32_t makosa;
};
```

Wewe unajenga maktaba kwa `-DMZ_UCHUNGUZI`. Mwenzako hana habari. Heda ni ileile, toleo ni lilelile, tarehe ni ileile, na bado `makosa` iko baiti ya 16 kwako na ya 4 kwake. Ugonjwa huu ni mgumu kuliko wako, kwa sababu kulinganisha matoleo hakuonyeshi kitu na kujenga upya hakuponyi. `config.h` inayotokana na hatua ya kusanidi ni ya ndani tu, isiingizwe kwenye heda ya nje hata kwa mlango wa nyuma. Binamu wa tatizo hili ni `off_t`. Kwenye Linux nyingi za biti 32 ni baiti 4, ukiweka `-D_FILE_OFFSET_BITS=64` inakuwa 8. Kama vituo vyenu vina Raspberry Pi zenye mfumo wa biti 32, usiweke `off_t` wala `time_t` kwenye `struct` au fankisheni ya nje. Tumia `int64_t`.

Wa pili ni heda zinazoburuta heda. Huenda `mizani.h` ya sasa ina `#include <termios.h>`, kama `struct` yako, tofauti na mchoro wangu wa juu, inahifadhi pia mipangilio ya zamani ya waya. Basi kila anayekusoma anapata makro `ECHO`, `B9600` na kundi zima la wenzake. Akiwa na `enum` yake yenye `ECHO`, anapokea kosa la ajabu kwenye mstari usio na kosa. glibc yenyewe, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux nyingi, iliwahi kuvuja hivi: `<sys/types.h>` ilileta makro `major`, `minor` na `makedev`, ikawasumbua watu waliotaka tu kuita fankisheni zao `minor`, mpaka toleo 2.28 la mwaka 2018 lilipoziondoa hapo. Ukishaihamishia `struct` ndani, `termios.h` inaondoka nayo. Ila tahadhari: mwenzako anaweza kuwa anaitegemea bila kujua, na siku ukiitoa msimbo wake utakataa kujengwa mpaka aiingize mwenyewe. Liandike hilo kwenye taarifa ya toleo.

Mengine nayapitia haraka. Makro zenye majina ya kila mtu, kama `MAX`, `UKUBWA` au `KWELI`, zipe kiambishi `MZ_` au zirudi ndani. Usimalizie `enum` ya nje kwa `MZ_IDADI_YA_MAKOSA`, kwa sababu mtu atatengeneza safu ya ukubwa huo na siku ukiongeza kosa jipya atasoma nje ya safu. Usitoe safu ya kimataifa kama `extern const char *mz_majina[]`. glibc ilikuwa na `sys_errlist` ya namna hiyo, na ilipofika 2.32 mwaka 2020 iliacha kuipatia programu mpya. Toa fankisheni inayorudisha jina kwa namba. Na sehemu za `struct` ya nje zisiitwe `class` wala `new`, maana wa C++ watashindwa kuisoma heda yako.

Heda ikishakuwa safi bado kuna mlango mwingine wazi, ambao ni simboli, yaani majina ya fankisheni yanayoonekana nje ya `.so`. Kwenye Linux, kila fankisheni isiyo `static` inatolewa nje ya `.so`, hata kama haimo kwenye heda yoyote. Angalia mwenyewe:

```
nm -D --defined-only libmizani.so
```

Ukikuta humo `soma_baiti` na `kagua_jumla`, una shida mbili. Mtu anaweza kuzitangaza mwenyewe kwa `extern` na kuzitumia. Lakini baya zaidi ni mgongano: programu ya mwenzako ikiwa nayo inatoa `soma_baiti` yake kwenye jedwali la simboli, kiunganishi cha wakati wa kuendesha kinaweza kuchukua ya kwake hata pale maktaba yako inapoita ya kwako. Maktaba inaanza kuita msimbo wa mgeni, hakuna onyo. Tibu kwa kujenga na `-fvisibility=hidden`, ambayo GCC imekuwa nayo tangu 4.0, na zitoke zile tu zenye `MZ_API`. Rudia `nm`. Kwa heda niliyoandika hapo juu yatoke majina manne yanayoanza na `mz_`, basi. Kwenye Windows kazi hiyo ni ya `__declspec(dllexport)` wakati wa kujenga maktaba na `dllimport` kwa mtumiaji, kwa hiyo ongeza tawi hilo kwenye `MZ_API` mkifika huko.

Utauliza majaribio yako yatafikaje kwenye fankisheni za ndani. Jenga `libmizani.a` pia, majaribio yaunganishwe na hiyo na yasome `mizani_ndani.h`. Simboli zilizofichwa kwa `hidden` bado zinaunganika ndani ya programu moja. Kinachozuiwa ni kutoka nje ya `.so`. Usitumie hila ya kuweka sehemu ya ndani kwenye heda ya nje chini ya `#ifdef MIZANI_NDANI`. Ni kumwonyesha mgeni chumba cha kulala na kumwomba asisukume pazia.

Je, kuna `struct` inayostahili kubaki wazi? Ipo. Ile ambayo maana yake yote ni sehemu zake, mtumiaji ndiye anayeijaza, na huna mpango wa kuibadilisha: mipangilio ya waya, kwa mfano, kasi, pariti na muda wa kusubiri. Ukihisi itaongezeka baadaye, pitisha ukubwa pamoja nayo: `mz_sanidi(m, &mipangilio, sizeof mipangilio)`. Ukipokea ukubwa mdogo kuliko wako, sehemu zinazokosekana zihesabu ni sifuri. Ukipokea mkubwa, na zile baiti za ziada si sifuri, kataa. Ndivyo mwito wa `openat2` wa Linux unavyofanya na `struct open_how`, na unapokataa unarudisha `E2BIG`. Zlib ina toleo jepesi la wazo hili: `deflateInit` ni makro inayopeleka kimyakimya `ZLIB_VERSION` na `sizeof(z_stream)`, na maktaba ikiona ukubwa haulingani inarudisha `Z_VERSION_ERROR`. Ungekuwa na ukaguzi huo, toleo 1.3 lingekataa kufunguka asubuhi ya kwanza, kabla ya gunia la kwanza.

Kama siku moja utaipeleka maktaba kwenye kidhibiti kidogo kisicho na `malloc`, toa fankisheni mbili: `mz_ukubwa()` inayorudisha baiti zinazohitajika, na `mz_anzisha(void *mahali, size_t ukubwa)` inayokataa nafasi ikiwa ndogo au haijapangika vizuri. Njia nyingine ni kutenga ukubwa wa kudumu wenye akiba, kama `pthread_mutex_t` ya glibc ambayo kwenye x86-64 ni baiti 40 daima, na kuilinda ndani kwa `_Static_assert`. Ila ukishaitangaza akiba umejifunga nayo. Kwa kazi ya vituo vyenu `malloc` moja kwa kila mizani haina madhara yoyote.

Sasa namna ya kuhama, na hapa usikimbilie. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilificha `struct` zake nyingi kwenye 1.1.0, Agosti 2016. Programu nyingi zilikuwa zimeandika `EVP_MD_CTX ctx;` kwenye staki, zote zikakataa kujengwa. Kilichoumiza zaidi ni kwamba baadhi ya fankisheni za kusomea sehemu zilizofichwa, kama `RSA_get0_key`, hazikuwapo kwenye 1.0.2. Aliyetaka msimbo wake ujengeke kwa matoleo yote mawili ilibidi ajitengenezee viraka. Wewe tanguliza fankisheni, ufiche baadaye.

Toa 1.4 yenye `mz_gramu` na wenzake wote, huku `struct` ikiwa bado wazi na mpangilio wake ni uleule wa 1.3, usiuguse hata baiti. Kila sehemu iwekee `__attribute__((deprecated))`. GCC itamwonya mwenzako kila anapoandika `m.uzito`, na orodha ya maonyo hayo ndiyo orodha ya kazi yake. Kwako ndani zima onyo hilo kwa `-Wno-deprecated-declarations`. Orodha yake ikionyesha sehemu ambayo hukuitengenezea fankisheni, iongeze kwenye 1.4.1. Mara nyingi mtumiaji anachungulia ndani kwa sababu hakupewa mlango, na ni bora ulijue hilo sasa. Programu zilizotumia gnulib (mkusanyo wa msimbo wa C wa GNU) zilikuwa zinachungulia ndani ya `FILE` ya glibc kwa sababu hiyo hiyo. Heda ya `libio.h` ilipoondolewa kwenye 2.28, GNU m4 1.4.18 ilikataa kujengwa hadi iwekewe kiraka.

Orodha ikiisha, toa 2.0 yenye `struct` iliyofichwa, na ubadilishe jina la ndani la `.so`:

```
gcc -shared -Wl,-soname,libmizani.so.2 -o libmizani.so.2.0.0 *.o
readelf -d libmizani.so.2.0.0 | grep SONAME
```

Kwa haki kabisa 1.3 ndiyo iliyopaswa kuwa `libmizani.so.2`, kwa sababu ilibadilisha ukubwa. Ingekuwa hivyo, programu ya zamani ingeendelea kutafuta `libmizani.so.1`, ingeikuta ile ya 1.2 kando ya mpya, na hakuna ambaye angeona sifuri.

Kabla ya kila toleo endesha haya, kwa mpangilio huu. Heda ijengeke peke yake, kwa C na C++:

```
gcc -std=c99 -Wall -Wextra -pedantic -fsyntax-only -x c include/mizani.h
g++ -fsyntax-only -x c++ include/mizani.h
```

Makro unazomwaga kwa watu:

```
gcc -E -dM - </dev/null | sort > tupu.txt
echo '#include "mizani.h"' | gcc -Iinclude -E -dM - | sort > zote.txt
comm -13 tupu.txt zote.txt
```

Utaona za `stdint.h` na zake, hizo ziache. Nyingine zote zianze na `MZ_`, isipokuwa `MIZANI_H`. Kisha linganisha maktaba mbili zilizojengwa kwa `-g`:

```
abidiff libmizani.so.1.4.0 libmizani.so.1.4.1
```

Ikirudisha 0, mpangilio haujaguswa. Namba inayorudi ikiwa na 4 ndani yake, kuna badiliko la kusoma kwa makini. Ikiwa na 8, usitoe toleo chini ya jina lilelile la `.so`. Mwisho, sakinisha kwenye saraka tupu kwa `make install DESTDIR=/tmp/jaribu` na ujenge programu ya mistari kumi ukielekeza `-I` huko peke yake. Hapa ndipo utakapogundua kama `mizani.h` inaita kwa siri `mizani_ndani.h`, au kama hati yako ya kusakinisha inabeba kila `*.h` ya `src/`. Hilo la pili ni kosa la kawaida kwa wanaotumia CMake na kusakinisha saraka nzima. `include` iwe `PUBLIC`, `src` iwe `PRIVATE`, na isakinishwe `include` tu.

Vituoni, usifute `.so.1` siku mnapopeleka 2.0. Ziache zote mbili, anzeni na kituo kimoja, endesha `ldd` juu ya programu ya stakabadhi kuhakikisha imeshika `libmizani.so.2`, halafu pimeni jiwe la kilo 20 kabla foleni haijafika.